Kubwimana na Sanduku la Mzungu

Jumanne, 17 Agosti 2021

Sina zamu leo. Helikopta ya polisi inazunguka juu ya Guildford tangu asubuhi. Bado tumefungiwa kwa ajili ya corona: kilomita tano kutoka mlangoni, basi, ukizidi faini.

Na katika hali hii mwalimu wa Ikirezi amewapa watoto kazi ya wasafiri! Kila mtoto achague mtu mmoja wa zamani aliyekatiza bara kwa miguu, enzi ambazo ramani ilikuwa nyeupe katikati. Ijumaa ya wiki ijayo atamweleza kwa dakika tatu kwenye Zoom, wazazi wakisikiliza. Binti yangu ana miaka kumi. Alikuwa ameshachagua mzungu mwenye masharubu, kwa sababu picha yake ndiyo ilitokea kwanza kwenye kompyuta.

Nikamwambia, futa. Sisi tuna wetu.

Nikamsimulia kama baba alivyonisimulia mimi kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Kubwimana, babu wa baba yangu, alikuwa kirangozi wa msafara wa mzungu kutoka Tabora. Kirangozi ndiye anayetangulia wote — ngoma, bendera, kitambaa chekundu begani. Mzungu mwenyewe yuko nyuma anauliza tutafika lini. Mpagazi akithubutu kumpita kirangozi, anatozwa! Ndiyo maana kwenye ukoo wetu hakuna anayemtangulia baba njiani. Hata kwenda kanisani, kabla ya corona: mimi mbele, Verdiane mke wangu nyuma, mtoto nyuma yake. Wanakwaya wanacheka. Wacheke tu.

Verdiane alisema ndiyo maana tunapotea kila tukienda mahali papya.

Ikirezi alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mwalimu anataka ushahidi. Ushahidi! Jina la babu wa baba yangu halitoshi?

Alhamisi, 19 Agosti

Kupimwa corona tena, kila siku tatu, la sivyo kazini ghalani hawakupokei. Kijiti kimefika mpaka kwenye ubongo.

Nimempigia Lazare, mwenyekiti wa kwaya. Mtoto wake yuko darasa moja na wangu. Anazungumzia nani, nikamuuliza. Nahodha fulani wa meli aliyevuka jangwa kwa miguu, akasema. Nikamweleza habari za Kubwimana toka Tabora mpaka ziwani, na ngoma yake yote. Anazijua, nilimsimulia kwenye harusi mbili. Akasema kwao hawana mtu wa namna hiyo. Nimelala vizuri sana mchana huu.

Jumamosi, 21 Agosti

Leo ushahidi. Shangazi Honorine, dada wa baba, yuko Rooty Hill, miaka themanini na mbili, na akili yake bado nzima. Kubwimana alikuwa babu yake, na Shangazi alilelewa na mjane wa Kubwimana mwenyewe. Ushahidi gani unazidi huo? Kwenda kwake ni marufuku, ni nje ya zile kilomita tano, kwa hiyo nikapiga simu, nikaweka spika mezani ili Ikirezi aandike.

Nikasema: Shangazi, mweleze mtoto jinsi babu alivyokuwa kirangozi.

Nikadhani mtandao umekatika.

"Kirangozi gani?" akasema. "Babu alikuwa mpagazi. Alibeba sanduku."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Naandika kama alivyosema. Lilikuwa sanduku la vyombo vya mzungu, vya vioo, vya kupimia nchi ili achore ramani. Zito kama mtoto wa miaka saba. Alipewa yeye kwa sababu hakuwahi kuangusha kitu. Kabla ya Ujiji msafara, watu mia mbili, ukaingiwa na ndui. Wagonjwa waliachwa kando ya njia na kibuyu cha maji, hakuna kuwagusa. Ndipo akaanguka mwenzake ambaye walikuwa wakipika chungu kimoja, kijana wa Rumonge. Kubwimana akaliweka sanduku juu ya jiwe, taratibu, kisha akambeba yule mgonjwa mgongoni. Siku kumi na moja mpaka kwao Rumonge. Yule mtu akapona na makovu yake, na Kubwimana akaozwa dada wa huyo mgonjwa. Huyo ndiye bibi aliyemlea Shangazi. Msafarani walimwita mtoro, na jina likamfuata mpaka huko.

Nikauliza, na kutangulia njiani? Desturi yetu?

"Hiyo ni ya baba yako. Babu alitembea nyuma. Mwenye mgonjwa mgongoni anabaki nyuma ili wengine wasiambukizwe." Halafu akaongeza polepole: "Msamehe kaka yangu. Kule kambini walituita wakimbizi kutwa nzima. Hakutaka na babu yake awe mtu aliyekimbia. Akampa cheo."

Nilimshukuru. Nimetoka, nimekaa kwenye gari bila kuliwasha.

Jumapili, 22 Agosti

Ibada kwenye simu. Sikuimba.

Ikirezi ameanza kuchora, na amechora sanduku! Nikamwambia achore ngoma. Akasema huyu wa sanduku ni bora, wa ngoma kazi yake ilikuwa kutembea tu. Nikamwambia hajui anachosema, baba yangu hakuwa mwongo, na darasani hawatasikia kwamba sisi tunatokana na mtoro. Nilipaza sauti. Akakunja karatasi, akaingia chumbani.

Verdiane aliosha sahani zote. Kisha akaniuliza: kati ya hao wawili, ungependa nani awe nyuma yako ukianguka?

Nina hasira na baba. Nina hasira kwa sababu ngoma ile niliipenda sana, niliisikia kabisa, nikiwa na miaka minane, kwenye hema lenye matope.

Jumatano, 25 Agosti

Ephraim wa ghorofa ya chini ana corona. Anaishi peke yake. Tangu Jumatatu ninapita mlangoni pake nimebana pumzi.

Verdiane yuko kazini kwenye makao ya wazee. Nimepika uji wa ulezi mwenyewe, nimevaa barakoa mbili, nimeuweka mlangoni, nimegonga, nimekimbia. Sisemi kwamba mimi ni Kubwimana. Lakini kwenye ngazi nilikuwa nawaza jambo hili: watu mia mbili walipita pale njiani siku ile, pamoja na mzungu na kirangozi wake, na wote walimwona yule kijana. Mia mbili! Akasimama mmoja. Na mimi nina damu yake. Nilitabasamu ndani ya barakoa zangu zote mbili.

Ephraim amenitumia ujumbe: uji hauna sukari.

Ijumaa, 27 Agosti

Nimetoka zamu ya usiku, bado nimevaa fulana ya ghalani. Nimejibanza jikoni na daftari hili ili nisionekane kwenye kamera. Sikumwambia Ikirezi asimulie lipi. Nilitaka kusema kila asubuhi, nikashindwa.

Mtoto wa Lazare amemaliza nahodha wake. Makofi.

Sasa Ikirezi. Anainua mchoro — ni sanduku juu ya jiwe, na njia, na watu wadogo wadogo wanaokwenda mbali wakiliacha. Mtu mmoja anakwenda upande mwingine, mkubwa kuliko wote, ana miguu minne. Miwili ni ya mgonjwa.

Anasimulia yote. Ndui, kibuyu, siku kumi na moja. Sauti haitetemeki.

Lazare anamkatiza kwa Kiswahili, namsikia kabisa, anacheka kidogo: si baba yako alituambia alikuwa kirangozi?

Mwalimu haelewi, anauliza kuna nini. Ikirezi amegeuka kuelekea jikoni. Na mtoto huyu, ambaye miaka minne nikimsemesha Kiswahili ananirudishia Kiingereza, ameniita kwa Kiswahili mbele ya darasa zima:

"Baba, njoo uwaambie. Alikuwa kirangozi au mpagazi?"

Nyuso ishirini na saba kwenye kompyuta. Wote wanasubiri. Lazare amesogea karibu na kamera.

Nimemwambia Ikirezi awaombe dakika moja tu. Navaa koti la harusi; kitukuu wa mpagazi yule hatokei mbele ya watu na fulana ya ghalani.