Nyaya Mbili Moyoni Mwangu

Jumatatu, 4 Machi
Usaha tena! Kidonda juu ya betri ya moyo, ile niliyopandikizwa kifuani kuendesha mapigo, kimefumuka nikiwa saluni. Mteja nimemwacha nusu kichwa kimesukwa, nusu msitu. Miezi yote hii zahanati wananiambia, "Kidonda kidogo hicho, mama, endelea na vidonge." Kidogo! Leo, hospitali kubwa, daktari wa moyo kaangalia mara moja tu, akakunja uso. Vijidudu vimefuata nyaya za betri hadi ndani ya moyo. Betri itoke, na nyaya zote mbili. Zimeshagandana na nyama.

Jumanne, 5 Machi
Daktari na kaka, wananong'ona koridoni. Mimi benchini kama begi la mtu aliyeenda chooni. Nikauliza kuna nini. Kaka: "Usijali, mdogo wangu, tumeshapanga."
Mmepanga nyie — moyo wa nani?

Jumatano, 6 Machi
Nesi ndiye aliyenieleza. Kifua hakipasuliwi. Wanapita mshipani, hapa begani. Mrija mwembamba unavishwa juu ya waya, unakata makovu taratibu mpaka moyoni. Na mshipa ukichanika? Nikauliza. Basi kifua kitafunguliwa hapo hapo, wapasuaji wanakaa tayari. "Lakini kaka yako si aliambiwa?"
Kaambiwa! Tena kaomba nisiambiwe, eti nitaingiwa na hofu. Mimi niliyezaa mapacha! Yeye akiona sindano tu, chali!
Nimempigia, nimemtukana mpaka pumzi ikakata. Akalia. Mama alifia kwenye meza ya upasuaji, akasema, wewe hukuwepo, mimi nilikuwepo.
Nikakata simu. Namwonea huruma. Hasira iko pale pale.

Alhamisi, 7 Machi
Kesho. Nimesaini mwenyewe.

Jumamosi, 9 Machi
Niko hai. Waya mmoja umetoka — nimeonyeshwa, mchafu kama utumbo wa kuku. Wa pili umeng'ang'ania, damu ikaanza kuvuja, wakaacha. Sasa betri ya muda inaning'inia shingoni.
Daktari kaja na kaka. Wajaribu tena kupitia kinenani, au wafungue kifua. Kuuacha haiwezekani, usaha utarudi. Yote hayo anamwambia nani? Kaka! Na kaka naye: "Daktari, tuongee nje—"
"Hakuna cha nje! Semeni hapa hapa!"
Daktari kageuka, kavuta kiti, kaniuliza mimi: "Mama, unaonaje?"
Nimewaambia wangoje, nafikiri kwa kalamu, humu daftarini. Na wangoje! Daktari kakaa. Kaka bado kasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa.