Mipira Miwili, Pampu Moja

Mjukuu wangu Zaituni,

Sisi huku Namatala tunakusalimu. Mama yako amepona, mbuzi wako amezaa pacha. Jirani ananiandikia, maneno ni yangu.

Unauliza, hewa ya akiba ya kupigia mbizi iwe mdomo wa pili wa kupumulia kwenye chupa ileile ya hewa, au chupa ndogo ya pembeni? Vita vilipoisha, babu yako alizamia mtoni Jinja kuopoa vyuma. Ah, maringo yake! "Mke wangu, sasa nina mipira miwili ya hewa!" Kumbe yote miwili ilitoka kwenye pampu moja. Pampu ilipokufa, nilimvuta kwa kamba hadi mashuani, midomo imekuwa myeusi. Alipokohoa nikamzaba kofi, kisha nikamkumbatia mbele ya wanaume wote.

Nunua chupa ya pembeni. Huko Mombasa unakozamia, mimi simo mashuani kukuvuta.

Bibi yako