Nadine Kuwasemea Wenye Watumwa

Jumatatu, 9 Agosti 2021
Hoteli ninayopikia bado imefungwa kwa korona. Nimechagua maharage, nimefuta jiko ambalo halikuwa chafu. Liverpool nzima, hapa Sydney, tumefungiwa ndani. Binti yangu Nadine yuko darasani, yaani mezani petu, kwenye laptopu. Somo: uchaguzi wa Marekani wa 1860. Kaskazini walimchagua mtu aliyekataa utumwa kuenea. Kusini wakasusa, majimbo yakaanza kujitoa kabla hajaapishwa, vita vikafuata. Nilisikiliza huku najifanya napika. Najua uchaguzi unavyogawa majirani. Wa kwetu Burundi ndio ulionifikisha kambi ya wakimbizi Tanzania.

Jumanne, 10 Agosti
Ijumaa kuna mdahalo. Mwalimu kampa Nadine upande wa Kusini. Mwanangu, mweusi kama mimi, awasemee wenye watumwa! Nimemkataza. Nimesema nitampigia mwalimu.
"Dad, please, usinitie aibu. Mimi nataka."
Anataka! Nimewaka.

Jumatano, 11 Agosti
Hanisemeshi. Amekula chumbani. Inaniuma kuliko nilivyodhani.
Mke wangu karudi kutoka kutunza wazee, hajavua hata barakoa, akanicheka. Eti nani alimsemea yule kijana mvivu wa Campbelltown mpaka akapewa mke? Mimi. Kila mahari ya Warundi hapa msemaji ni mimi, na nusu ya ninaowasifu nisingewaazima sufuria.

Alhamisi, 12 Agosti
Nimegonga mlango wake na chapati. Nimesalimu amri. Tukafanya mazoezi kama ya msemaji wa mahari: simama, salimia wakwe, sema polepole. Na sheria yangu moja: msemaji akijua watu wake wanaficha jambo, aliseme, kisha akae. Nampenda mtoto huyu hadi naona aibu.

Ijumaa, 13 Agosti
Akasimama. Akawaita wanafunzi wenzake wakwe zake. Kosa langu, sikumwambia hiyo ni ya mahari tu. Darasa likacheka, yeye hakuyumba. Akadai haki ya majimbo kujiamulia mambo yao. Aliwasemea vizuri mpaka nikaogopa. Kisha akasema watu wake wanaficha jambo: haki waliyoitaka ni ya kummiliki mtu, na wenyewe waliiandika walipojitoa. Na mtu huyo angekuwa yeye, Nadine. Akakaa.
Mimi nyuma ya laptopu, mwiko mkononi, nalia.

Jumapili, 15 Agosti
Tumetembea mtaani, mimi na yeye, barakoa usoni. Kaniuliza siku ya mahari yake nitasema nini. Nikamwambia baba wa binti hasemi, anasemewa. Kacheka sana: mimi, kunyamaza?
Kisha kanishika mkono. Nikanyamaza mpaka mlangoni kwetu.