Moshi wa Ngazija

Mjukuu wangu Zuhura, mchumba wangu,

Assalaam alaykum. Sisi hapa Mbwara wazima. Mguu wa bibi yako umepona na mpunga tumeshavuna. Umeuliza kama likizo yako uende Ngazija, kisiwa kimya vile, kuna nini huko. Nakujibu kwa nilichokiona.

Wakati wa Maji Maji nilikuwa mtoto. Tulipokimbia, mama alitupakia mimi na dada yangu katika chombo kilichopeleka boriti Ngazija. Tulipokaribia, mama akaona moshi juu ya kisiwa.

"Geuza, nahodha! Wadachi wametutangulia, wanachoma vijiji!"

"Mlima huo, mama," nahodha akacheka. "Unavuta kiko tangu babu yangu hajazaliwa."

"Mimi si mtoto wa kudanganywa. Mlima gani unatoa moshi?"

Wenzetu wakashuka, mama akagoma, ametushika mikono. Ufukweni wanawake walikuwa wakisuka makuti na kutaniana, wameupa ule moshi mgongo. Hakuna aliyegeuka kuutazama. Mama aliwaangalia kwa muda mrefu.

"Basi si wa nyumba ya mtu," akasema taratibu, akatushusha.

Nenda, Zuhura. Mawe yake ni meusi, maji ni maangavu, na wenyeji hawamharakishi mgeni. Ila mimi nakumbuka zaidi mchana ule. Mama alijilaza kwenye mkeka wa wenyeji wetu akakoroma, nasi tukakaa kando tukimsikiliza kwa furaha, maana tangu vita vianze hatukuwa tumemsikia akikoroma.

Akulinde Mungu safarini.

Babu yako