Simu Niliyosema Imekufa

Thunder Bay, Ontario
14 Mei 2019

Mpendwa mdogo wangu Raija,

Hujambo huko Whitehorse? Mgongo wa Pentti umepata nafuu? Sisi tu wazima, theluji imekwisha, ila magoti yangu bado yanalalamika kila asubuhi.

Najua hupokei simu zangu, na sikulaumu. Ndiyo maana naandika.

Jumamosi kanisani tulikusanya simu kuukuu. Nzima hupewa wanawake waliokimbia vipigo nyumbani, mbovu hupelekwa kuvunjwavunjwa. Kila simu hubandikwa karatasi ya kueleza hali yake. Nami, kwa kujitia mkarimu, nikaleta yangu ya zamani, nikaandika kwa herufi kubwa: NZIMA KABISA. Nikaiacha ndani ya kile kifuko cha sufu ulichonifumia.

Mezani alikuwa Kaisa wako. Sikujua amejitolea kusaidia siku hiyo.

"Mama mkubwa, si hii ile iliyokufa Bibi alipolazwa?"

"Niliitengeneza," nikasema.

"Lini? Si ulimwambia mama iliungua, ukaitupa?"

Hilkka wa kwaya alikuwa nyuma yangu na kahawa yake, hata kunywa akaacha. Niliona haya, Raija, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Haikufa. Haikuzimika hata saa moja. Siku zote nne za Mama hospitalini ilikuwa mfukoni mwangu, na namba yako ndiyo ya kwanza, lakini sikukupigia. Nilikuwa nimemuuguza Mama miaka sita peke yangu, nikajua ukija utalia kidogo tu na wauguzi watakuita binti mwema. Nilikuonea wivu. Nilitaka awe wangu mpaka mwisho. Kisha ukafika amekwisha kukata roho, ukanikumbatia, ukanibembeleza mimi, nami nikailaani simu mbele yako bila aibu.

Sina cha kujitetea. Usimgombeze Kaisa kwa kukuambia, alifanya nililopaswa kufanya mimi miaka mitatu iliyopita.

Nisalimie Pentti na mama mkwe wako. Mungu awape afya, na wewe akupe moyo wa kuimaliza barua hii, maana kuna jambo ambalo hata Kaisa halijui.

Mama alikuulizia mara tatu. Nikamwambia uko njiani, naye akageuza uso, akawa anautazama mlango.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa aibu,
Eila