Wimbo wa Kuoshea Vyombo

Jumatatu, 2 Juni

Nimenakili nota za sauti ya pili mpaka vidole vimekufa ganzi. Upepo unapita chini ya mlango na vumbi la malori. Baridi ya Tunduma haina huruma. Sijali. Yona amekaa mgongo wake umeegemea wangu, kinanda mapajani, anatafuta kibwagizo cha kina mama wauza mihogo wanaowasalimia Wazambia "mulishani". Mgongo wake una joto. Wiki ya tano ya ndoa, na bado nikiandika "mume wangu" nacheka peke yangu.

Igizo ni Jumamosi. Linaitwa Foleni. Dereva amekwama na lori lake mpakani siku ya harusi yake, basi bibi harusi anachukua shela anamfuata, wanaoana katikati ya malori. Maneno yote ya Yona, muziki wote wa Yona. Asubuhi anajaza fomu za mizigo kwa wakala wa forodha, jioni anatunga. Nimeolewa na mtu wa namna hiyo, mimi niliyeishia kidato cha nne.

Wimbo wa mwisho ulitoka kwangu. Yona hatoi tuni hewani, anaokota. Simu yake imejaa honi, wapiga debe, mama wa uji. Wiki ya kwanza alinirekodi nikiosha vyombo, naimba mdomo umefungwa. Sikujua. Akaufanya wimbo wa harusi. Aliponipigia kwenye kinanda nililia mpaka wali ukaungua.

Jumanne, 3 Juni

Mazoezi. Sauti ya kwanza tamu. Bezi wanaburuta.

Yona akawasimamisha. "Nyie mmebeba jeneza? Hii ni harusi."

Mzee mmoja wa bezi akajibu, "Mwalimu, tuni yenyewe ndiyo inatuvuta chini."

Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nikacheka. Nilikuwa namwangalia Yona mikono ikiwa juu, shati limechomoka. Mzuri kupita kiasi.

Jumatano, 4 Juni



Mama Mdogo, mdogo wake marehemu mama, amekuja kutoka Mlowo kuniona nikiwa kwangu. Kaleta maharage. Nikamwekea chai, nikampigia ule wimbo kwenye simu. Nilitaka kujivuna tu.

Akaweka kikombe chini. "Zima."

Nikapunguza sauti.

"Zima, mwanangu. Huo ni wa mama yako."

Akanieleza. Kwao, wanawake wa upande wa Bibi aliyewazaa yeye na mama, mama akizika mtoto hutunga sauti yake ya kilio. Huiimba siku ile kaburini, basi. Hakuna mwingine wa kuiimba. Siku akifa yeye, mtu mmoja aliyemfundisha ataiimba kwenye mazishi yake, na hapo inakwisha. Hii Bibi aliitunga siku anamzika mama. Nilikuwa na miaka miwili, mgongoni kwake. Niliisikia kupitia mgongo.

"Humu ndani umeiimba mara ngapi?"

Kila siku. Kila nikigusa sahani.

"Mimi sisemi kitu," akasema. Akafunga kanga, akaondoka bila kula. Mtu wa kwetu akikuambia hasemi kitu, ameshasema.

Kilio cha kaburini, kwenye nyumba ya wiki tano. Watu thelathini wanakiimba kama harusi. Na Bibi anakuja Ijumaa. Nilimwalika mwenyewe, nilimwambia kuna zawadi.

Naogopa.

Alhamisi, 5 Juni

Sikumwambia Yona jana. Asubuhi kaenda Mlowo kwa pikipiki kuazima ngoma. Alisema atarudi saa sita. Nilimbusu nikamng'ang'ania mpaka akacheka.

Saa saba. Hajafika.

Saa nane. Simu haipatikani. Barabara yote ile ni malori.

Nimeosha vyombo nimeng'ata ulimi. Kweli nimeung'ata, unauma. Nimejiambia mimi ni mtu wa shule na wa kanisani, haya mambo siyaamini. Kisha nimefungua kabati nikanusa shati lake.

Saa tisa na nusu. Mungu, mimi ndiye niliyeimba. Si yeye.

Amefika saa kumi anasukuma pikipiki. Lori lilimbana akaingia mtaroni. Goti limechubuka, simu ilianguka ikazima. Ngoma nzima. Anacheka, anasema ni goti tu. Nikamwosha kwa maji ya chumvi nikamwambia yote.

Akasema huo ndio wimbo bora aliowahi kutunga. Hakusema pole. Akasema mapigo ameyabadilisha, Bibi hatautambua.

Nikamwambia, "Yona, alimzika mtoto wake kwa wimbo huo." Nikatoka nje. Mara ya kwanza kukasirikiana. Nimekaa kwenye ndoo, namchukia, namwogopea.

Ijumaa, 6 Juni

Bibi kafika saa nne na kuku hai kwapani. Kaniangalia juu chini. "Mke mwenzangu, umenenepa. Mume wetu anakupendelea." Yona alipotoka akichechemea: "Na wewe, unachechemea hata zamu yangu haijafika?"

Tulicheka.

Nilipanga kusema mimi. Yona akanitangulia. Alipiga magoti mbele ya Bibi, na goti lile bovu, akasema amechukua kitu chake bila kujua, na alipojua alitaka kukificha. Hilo la kuficha nalo alilisema. Nilimpenda upya, pale pale.

Bibi hakuomba kuusikia. Aliuliza tu, "Umeweka maneno gani?"

"Fungua, nimefika. Njia ilikuwa ndefu."

Kuku akawa analia chini ya meza. Bibi akamtazama kuku muda mrefu.

"Maneno ni mazuri, baba. Yatafutie tuni nyingine."

Igizo ni kesho. Nilidhani Yona atalitaja hilo. Alisema, "Ndiyo, Bibi." Akatoa simu akafuta, mbele yake. Niliona dole gumba likisita.

Nikauliza nilichotaka kuuliza tangu Jumatano. Yona atakufa?

"Atakufa," Bibi akasema. "Na wewe, na mimi, na huyu kuku leo hii. Ila si kwa sababu ya vyombo vyako."

Jibu hilo halijanituliza sana.

Jumamosi, 7 Juni

Tuni nyingine haikupatikana. Yona alijaribu nne, akazitupa zote. Mwisho akaamua maneno yasemwe tu, na ile ngoma ya Mlowo, taratibu. Nusu ya waimbaji walinuna.

Ukumbi ulijaa. Mpaka madereva kutoka foleni yenyewe walikuja, wakapiga miluzi ya kuigiza honi. Bibi harusi alipofika kwenye lori akasema, "Fungua, nimefika," ngoma ikapiga mara moja. Kimya. Kisha watu wakasimama.

Hawakujua kuna kitu hakipo. Mimi nilikisikia kisivyokuwepo. Yona pia, alisahau kushusha mikono. Nikamgeukia Bibi, mstari wa pili. Midomo kafunga. Koo lake lilikuwa linatembea, kama anayeimba ndani kwa ndani.

Jumapili, 8 Juni

Asubuhi Bibi alimtuma Yona sokoni. "Mume wetu, nenda kaninunulie ugoro, usirudi upesi." Akafunga mlango wa jikoni. Akaniambia nimwegemee mgongoni.

Kumbe una maneno. Miaka yote hiyo nilikuwa na sauti tupu. Kanifundisha mara tatu, kwa Kinyiha, polepole, nasikia mbavu zake zikitetemeka. Mama Mdogo hakufundishwa. Ni mimi. Siku yake ikifika nitasimama niuimbe, mara moja. Kabla ya hapo, kamwe.

Siyaandiki hapa.

Kaondoka na basi la saa sita.

Sasa hofu yangu ina jina la mtu mwingine. Kila simu ya kutoka kijijini nitaipokea kwa woga. Nadhani hivyo ndivyo ilivyo kuwa mtu mzima, na sikuambiwa kwenye mafundisho ya ndoa.

Jioni nimeosha vyombo. Sahani zinagongana, maji, basi. Yona akaja mlangoni, akasema nyumba imekuwa kimya.

Nikamwambia maji ni ya baridi.

Hakutoa simu. Alichukua kitambaa, akasimama karibu yangu, akaanza kufuta sahani.