Ufunguo wa Pili wa Lango la Maji

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nina miaka sabini na saba. Nimemzika mke wangu Nyirarukundo, nimemzika binti yangu Umuhoza, nimezika marais watatu wa koperative yetu ya mpunga na mbwa wanne. Hata yule mwalimu wa ngumbaru aliyenifundisha kuandika kule Karagwe ukimbizini, akasema kichwa changu ni kigumu kama jiwe la kusagia – nasikia naye amekufa. Mimi hapa, nashika kalamu.

Maji ya bonde hili chini ya kilima cha Batsinda nayagawa mimi tangu 1998. Diploma sina. Nina mguu. Naingia jarubani, maji yakifika kifundo, nafunga lango. Basi. Hakuna mpunga uliowahi kunifia. Hakuna!

Leo Kaliza ameanza kazi. Mjukuu wangu, mtoto wa marehemu Umuhoza, nimemlea tangu ana miaka minane. Amesomea mambo ya umwagiliaji na mradi wa bonde letu umemchukua kwa majaribio, miezi sita. Wakiridhika, anaajiriwa kabisa. Agronome, mtaalamu wa kilimo! Nimewaambia watu wa pikipiki wote pale stendi, na waliojifanya hawasikii nimewarudia.

Ameingiza mabomba ya plastiki yenye matundu ardhini, kwenye majaruba ya juu, na yangu yamo. Anachungulia ndani ya bomba aone maji yako wapi chini ya udongo. Sheria yake: lango halifunguliwi mpaka maji yashuke shubiri nzima chini ya udongo. Yanayookolewa yanakwenda kwa watu wa chini, ambao kiangazi huwa wanaambulia matope.

Nikamwambia mpunga unataka kusimama majini. Akacheka. "Sogokuru, babu yangu, ule ni mpunga, si samaki."

Ameomba ufunguo wa lango. Nimempa. Akauliza, ni huu tu? Nikasema ndiyo.

Upo mwingine. Uko kwenye kopo la chumvi.

Alhamisi, 4 Septemba

Udongo umepasuka. Nimeingiza kidole kwenye ufa, kimezama hadi kiungo cha pili. Kwangu! Kwenye jaruba langu mimi, Mutsinzi!

Kaliza anasema ndivyo inavyotakiwa, mizizi inafuata maji chini, mmea unapata nguvu. Anaongea vizuri. Mama yake alikuwa anaongea hivyo hivyo, mikono ikienda huku na huku.

Kurudi nikakutana na Gahongayire kwenye daraja la magogo. Ndiye mwenye shamba la mwisho kabisa, mjane, ulimi kama wembe. Akapaza sauti wote wasikie: "Muzee Mutsinzi! Mwaka huu nimeyaona maji ya Septemba. Kumbe miaka yote yalikuwa yanalala kwako!" Wanawake wakaangua kicheko. Nikamjibu, nimelisha bonde hili kabla hujajua mpini wa jembe uko upande gani. Akasema: "Ulijilisha, muzee. Sisi tulikuwa tunasikia harufu."

Sikula vizuri leo.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimefungua. Alfajiri, Kaliza akiwa bado amelala. Kidogo tu – saa moja hivi, mpaka nyufa zikafunga mdomo. Udongo ulikuwa unakunywa kwa sauti, kama mtoto mgonjwa. Kisha nikafunga, nikafuta nyayo zangu.

Gahongayire alikuwa darajani na jembe begani. Akanitazama. Akapita.

Jumatano, 10 Septemba

Jana alfajiri nimefungua tena, muda mrefu zaidi.

Kaliza amerudi nyumbani anakimbia, bote zake za mpira zina matope mpaka magotini. Maji kwenye mabomba hayashuki! Lango limefungwa siku tisa na udongo bado una unyevu! Anafikiri kuna maji yanapanda kutoka chini, kutoka kwenye kilima. Anasema hakuna aliyewahi kuandika hivyo kuhusu bonde letu. Ameshampelekea ripoti Kellen, mkubwa wake kwenye mradi. Alinishika mkono akanizungusha pale uani kama kwenye ngoma.

"Sogokuru, wewe unayelijua bonde hili, ulikuwa unajua?"

Nikasema, mimi najua mengi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimefungua mara ya tatu. Safari hii si kwa ajili ya mpunga. Nikiacha sasa, maji yatashuka, na ripoti yake itaonekana ya uongo. Nitamwambia wakati mzuri. Mvua ikija, kila kitu kitajifunika.

Gahongayire darajani tena. Safari hii alinisalimu, "Mwaramutse." Basi.

Jumamosi, 13 Septemba

Mvua hakuna.

Nilishuka mpaka mwisho wa bonde, nisikokwenda kwa kawaida. Mpunga wa Gahongayire una rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Wiki ya kwanza uliyapata maji, ukajiachia kukua, halafu yakakatika. Ni bora usingeyapata kabisa. Nimegawa maji miaka ishirini na saba, sijawahi kusimama pale nikaangalia. Siandiki zaidi.

Jumatatu, 15 Septemba

Kellen amekuja nyumbani pamoja na Twagirayezu, rais wa koperative wa sasa. Kellen amekulia Uganda, mtu wa heshima, alikataa kiti mpaka mimi nikae.

Kumbe mwanzo wa mfereji wa majaruba ya juu mradi umefunga mita. Inahesabu maji yanayotoka, na siku na saa. Asubuhi tatu maji yalitoka kwenda majaruba ya juu. Daftari la Kaliza linasema lango limefungwa.

Kellen akauliza polepole: "Kaliza, ufunguo anao nani?"

"Ninao mimi peke yangu."

Twagirayezu akanigeukia. "Na mzee hapa?"

Kaliza akajibu kabla sijafungua mdomo. "Sogokuru alinipa wa kwake, na ni huo tu. Nilimuuliza. Huyu hasemi uongo."

Nilikuwa natazama kikombe changu. Kina ua la bluu, ukingo umemeguka.

Wamesema Jumatano kuna kikao. Watu wa chini wanasema Kaliza ameuza maji kwa watu wa juu. Mradi unasema ameandika vipimo vya kubuni. Akiandikiwa barua ya kuachishwa kazi, Kellen alisema, na alisema kwa huzuni, hakuna mradi wa kilimo utakaomchukua tena nchi hii.

Walipoondoka Kaliza hakulia. Aliosha bote zake, akazigeuza chini juu karibu na ukuta zikauke. Kisha akasema, "Labda sijui kusoma bomba, Sogokuru. Labda nilikosea tangu mwanzo." Mtoto aliyesoma miaka kumi na sita!

Hapo ningesema. Nilisema, kunywa chai.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekwenda kwa Gahongayire. Nilitaka kujua amewaambia akina nani. Alikuwa anang'oa magugu kwenye mpunga ule ule, kama unaweza kupona.

Nikamwambia, uliniona. Akasema, mara tatu. Nikauliza kwa nini hukusema. Hakuinua kichwa.

"Nikisema mimi ni fitina ya mwanamke wa chini. Watasema namtafutia Mutsinzi kosa tangu zamani. Na kweli nakutafutia." Akarusha gugu. "Lakini yule msichana alikuja hapa siku ya kwanza, akavua viatu, akaniuliza maji huwa yananifikia lini. Wewe hujawahi kuniuliza."

Nilianza kumweleza habari ya nyufa. Sikumaliza. Naimaliza hapa, maana tarehe mosi nimeandika uongo. Mpunga umewahi kunifia. Mwaka 2000, wiki tuliyomzika Nyirarukundo. Siku nane za ikiriyo, za matanga, nilikaa nyumbani na watu, sikukanyaga bondeni. Nilipotoka, majaruba yote yalikuwa yamepasuka, na mwaka ule tulivuna makapi. Tangu hapo nikiona ufa kwenye udongo naona wiki ile. Kaliza sijamwambia. Bibi yake hakumjua, alizaliwa mwaka uliofuata. Ningemwambia siku ile ya kwanza, labda angenishika mkono tukaangalia nyufa pamoja.

Lakini si nyufa tu. Ni pamoja na vile vicheko darajani. Na kwamba mabomba yake yangefaulu, na mguu wangu ungekuwa mguu wa kawaida wa mzee.

Jumatano, 17 Septemba

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya koperative tangu saa moja. Naandikia gotini. Kikao kimeanza.

Kaliza aliponiona akatabasamu. Anadhani nimekuja kumpa moyo. Amevaa koti la mahafali yake, lile la kijivu. "Umekuja, Sogokuru," akasema, akaninyoshea kola. Nikamwambia nina neno. Akasema, baadaye, wananiita.

Dirisha liko wazi. Twagirayezu anasoma vipimo vya mita. Kaliza anajibu – sauti ndogo. Anasema anakubali kwamba hakusoma mabomba vizuri. Anakubali! Kosa ambalo si lake anakubali!

Nimesimama. Nimekaa.

Gahongayire amekuja, amekaa mwisho wa benchi hili hili, miguu ina matope. Hatusalimiani. Amesogeza jembe lake nipate nafasi ya kupita.

Wanasema wamemaliza na Kaliza, wanauliza kama nje kuna mwenye neno.

Naingia na daftari hili; ufunguo uko mfuko wa kushoto, bado una chumvi. Nilifungua Jumamosi tarehe 6, Jumanne tarehe 9, Alhamisi tarehe 11. Kaliza hakujua. Nimeyaandika hapa kwa sababu najijua, mdomo wangu nikishasimama mbele ya watu huanza kunisifu. Ukianza, aulizwe Gahongayire wa shamba la mwisho. Aliniona mara zote tatu.